HESABU ZA AMANI: NAMNA YA KUZISOMA TAKWIMU ZA ULIMWENGU

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lafaa kwa biashara ya duka, lakini lafaa vilevile kwa mambo ya mataifa. Maana uhai wa watu ni mali ipitayo mali zote, nao usipokuwa na daftari hupotea bila habari. Mtoto afaye kwa homa katika kijiji kisicho na zahanati, mama afaye njiani akienda kujifungua, mkimbizi aangukaye kando ya barabara: hao wote wasipoandikwa mahali, ulimwengu waendelea na shughuli zake kana kwamba hawakuwako.

Siku hizi daftari hilo lipo. Umoja wa Mataifa, Shirika la Afya Ulimwenguni, Benki ya Dunia na vyuo vya uchunguzi hutoa kila mwaka hesabu za vita, njaa, magonjwa, silaha na misaada. Redio yazisoma jioni, gazeti lazichapa asubuhi. Lakini wengi wetu tukisikia milioni hii na bilioni ile, zatupita kama upepo. Wengine nao hushika idadi moja tu na kuitumia vibaya: huyu awatia watu hofu, yule ajisifu, na mwingine apanda chuki juu ya wageni. Asiyejua kusoma hesabu hutawaliwa na yule ajuaye kuzitangaza.

Kwa hiyo leo twataka kujifunza pamoja, baba na mama na watoto waliofikia umri wa kufahamu, namna ya kuzisoma hesabu hizo. Si kazi ya mabingwa peke yao. Yatosha kushika maswali matatu na kuyauliza kila mara idadi yoyote itajwapo mbele yetu. La kwanza: Ni kati ya wangapi? La pili: Amehesabu nani, na kwa njia gani? La tatu: Ikilinganishwa na nini? Tukiisha kuyajibu, tutaona jinsi hesabu hizi zinavyotufundisha maana ya usalama wa kweli.

SWALI LA KWANZA: NI KATI YA WANGAPI?

Mwalimu akisema, "Wanafunzi saba wameshindwa mtihani," bado hajatuambia kitu. Saba katika wanane ni msiba wa shule. Saba katika mia ni jambo la kuvumilika. Idadi peke yake ni kama mtu asiyetaja ukoo wake: humjui mpaka umwulize atokako.

Tutwae mfano wa Tanzania. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao milioni 12.3. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Yaani mahali palipokuwa na mtu mmoja, sasa pana watano. Basi mtu akituambia kwamba wagonjwa wa ugonjwa fulani wameongezeka mara tatu tangu miaka ile, tusitishike upesi. Kama watu wameongezeka mara tano, ugonjwa huo kwa kweli umepungua. Na mtu akijisifu kwamba vitanda vya hospitali vimekuwa mara mbili ya vile vya zamani, tusipumbazike vilevile; kwa kila mtu, vitanda hivyo vimepungua.

Sasa twende kwenye hesabu ya ulimwengu. Mwaka 1990, watoto zaidi ya milioni 12 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikufa milioni 4.9, na huo ulikuwa mwaka wa kwanza idadi hiyo kushuka chini ya milioni tano. Ukiuliza "kati ya wangapi," jibu ni hili: mwaka 1990, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa wakiwa hai, 93 walikufa kabla ya umri huo, mwaka 2022 walikufa 37. Hii ni habari njema kuliko nyingi tusomazo, wala haikuja kwa bahati. Imeletwa na chanjo ya surua, na vyandarua vilivyotiwa dawa, na chumvi na sukari ya kunywa mtoto aharishapo, na maji safi, na mama waliosoma shule. Mikono mingi ya watu wasiotajwa majina ndiyo iliyoifanya kazi hiyo.

Lakini tuangalie tena, maana 37 ni wastani wa ulimwengu mzima, na wastani huficha mambo. Mtu mwenye debe la mahindi na jirani yake asiye na hata punje, ukitafuta wastani wao, kila mmoja ana nusu debe. Walakini usiku ule mmoja wao atalala njaa. Katika Afrika kusini ya Sahara, watoto waliokufa mwaka huo wa 2022 hawakuwa 37 katika 1,000, bali 71. Hivyo basi, kila tuambiwapo wastani, tuulize mara moja: nani yuko juu yake, na nani yuko chini yake?

Tuseme pia habari za wakimbizi, kwa sababu hapo ndipo hesabu mbovu huleta madhara ya haraka. Mwishoni mwa mwaka 2024 watu milioni 123.2 walikuwa wamefukuzwa makwao na vita, mateso na fujo. Katika kila watu 67 wa dunia, mmoja alikuwa hana mahali pake. Wengi husikia idadi hiyo na kudhani kwamba umati wote huo wakimbilia Ulaya na Marekani. Sivyo hata kidogo. Watu milioni 73.5 kati yao hawakuvuka mpaka wowote. Walihama kijiji au mji, wakabaki katika nchi yao wenyewe. Na katika kila 100 waliovuka mpaka, 67 waliishia katika nchi jirani, na 73 walipokewa na nchi zenye kipato cha chini au cha kati. Uganda peke yake ilikuwa na wakimbizi wapatao milioni 1.8, kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika.

Watu wa Ngara hawahitaji kuambiwa jambo hili na kitabu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania katika muda wa siku moja hivi. Aliyewapokea kwanza ni mkulima mwenye shamba la migomba, wala si tajiri wa ng'ambo. Kwa hiyo mtu akisimama mahali akasema kwamba mzigo wa wakimbizi wabebwa na mataifa tajiri, au akasema kwamba mkimbizi aliye mlangoni petu ni jambo geni lisilopata kuonekana, tumjibu kwa upole na kwa hesabu.

SWALI LA PILI: AMEHESABU NANI, NA KWA NJIA GANI?

Mtoto mdogo hudhani kwamba kila idadi iliyochapwa imehesabiwa kidole kwa kidole. Sivyo. Katika nchi nyingi, vifo vingi havijaandikwa katika kitabu chochote. Kwa hiyo wataalamu hutumia njia nyingine: huchagua kaya elfu kadhaa kwa utaratibu maalumu, huziuliza maswali, kisha huyapima majibu na kukisia hali ya nchi nzima. Ni kama mpishi aonjaye kijiko kimoja ili ajue chumvi ya sufuria. Kama ameukoroga mchuzi vizuri, kijiko kimoja chatosha; kama hakuukoroga, atadanganyika.

Mfano wa karibu ni vifo vya mama wazazi. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikisia kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikufa mama 556. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 104. Umoja wa Mataifa nao, kwa njia yake ya kukisia, ulitoa idadi ya 238 kwa mwaka 2020. Je, nani mwongo? Hakuna mwongo. Vifo hivi, ingawa ni vingi mno kwa huzuni yake, ni vichache katika kaya chache zilizoulizwa, hivyo makisio yaweza kupanda na kushuka kwa urahisi. Wachunguzi wa nchi huwauliza watu habari za dada zao waliokufa. Umoja wa Mataifa huchanganya habari za namna nyingi ili kuweza kuzilinganisha nchi na nchi. Lililo muhimu ni kwamba njia zote mbili zashuhudia jambo moja: vifo hivyo vimepungua sana. Mtu mwenye busara hushika mwelekeo, wala hagombani juu ya tarakimu moja.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao watoka Kongo. Vita vikubwa vilipozuka huko Agosti 1998, hakuna aliyeweza kukaa na kalamu akiandika kila aliyekufa. Shirika la misaada liitwalo International Rescue Committee lilipeleka watu kuuliza kaya kwa kaya, na Januari 2008 likatangaza kwamba mpaka Aprili 2007 walikuwa wamekufa watu milioni 5.4 kupita wale ambao wangekufa kama vita visingalikuwako. Wataalamu wengine walipinga, wakisema kwamba shirika lilikisia vifo vya siku za amani kuwa vichache mno, na hivyo tofauti ikaonekana kubwa kuliko ilivyostahili. Ubishi huo ni wa haki, nasi tusiitaje idadi hiyo kana kwamba ni hesabu ya fedha mkononi.

Lakini katika ubishi huo wote, neno moja halikupingwa, nalo ndilo kiini cha somo letu la leo: wengi katika waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, homa ya mapafu na utapiamlo. Vita vilifanya kazi yake kwa njia ya pembeni. Mwuguzi alikimbia, zahanati ikafungwa. Barabara ilikatika, dawa haikufika. Mafuta ya taa yalikwisha, jokofu likazimika, chanjo ikaharibika. Mkulima aliogopa kwenda shamba, mbegu ikabaki ghalani mpaka ikaliwa. Mtoto aliyekufa kwa homa ya siku tatu msituni hakuandikwa na yeyote kuwa ni maiti wa vita, na kumbe alikuwa ndiye.

Tuongeze mfano wa tatu, ili tuone jinsi idadi iwezavyo kubadilika bila maisha ya mtu yeyote kubadilika. Benki ya Dunia huhesabu maskini wa kupindukia kwa kuweka mstari: aliye chini yake huhesabiwa, aliye juu yake hahesabiwi. Mpaka katikati ya mwaka 2025 mstari huo ulikuwa dola 2 na senti 15 kwa siku, na kwa kipimo hicho maskini wa mwaka 2022 walikuwa milioni 713. Juni 2025 Benki hiyo ilipeleka mstari kwenye dola 3, kwa sababu ya hesabu mpya za bei na za maisha. Na mara maskini wa mwaka uleule wa 2022 wakawa milioni 838. Watu milioni 125 waliingia katika umaskini, au tuseme katika daftari la umaskini, pasipo sahani ya yeyote kupungua. Sababu za badiliko hilo zaeleweka, wala hatulaumu. Twasema tu kwamba msomaji asiyeuliza mstari uko wapi atashangilia au atalia bure.

SWALI LA TATU: IKILINGANISHWA NA NINI?

Hapa twafika kwenye hesabu kubwa kuliko zote. Taasisi ya Stockholm ichunguzayo habari za silaha, iitwayo SIPRI, yakisia kwamba mwaka 2024 serikali za ulimwengu zilitumia dola za Kimarekani bilioni 2,718 kwa mambo ya kijeshi. Marekani ilitumia bilioni 997, China ikikisiwa bilioni 314, Urusi bilioni 149. Fedha hizo zilizidi zile za mwaka 2023 kwa karibu asilimia 9.4.

Bilioni 2,718 ni neno lisiloingia kichwani. Tuligawe basi kwa watu wote wa dunia, mzee na mtoto mchanga: ni dola 334 kwa kila mtu. Kisha tulilinganishe. Mwaka huohuo wa 2024, misaada rasmi ya maendeleo iliyotolewa na mataifa tajiri yaliyomo katika kamati ya misaada ya OECD ilikuwa kama dola bilioni 212. Ukiigawa kwa watu wote wa dunia ni dola 26 hivi kwa kila mtu. Yaani kwa kila dola moja ya misaada, ulimwengu ulitumia karibu dola 13 kwa majeshi.

Tuwe waangalifu, maana sheria tuliyojiwekea yatuhusu na sisi. Fedha za kijeshi si bunduki na mabomu tu. Mna humo mishahara ya askari, chakula chao na malipo ya uzeeni. Na fedha za misaada si zote zilizofika katika nchi maskini; kama 13 katika kila 100 zilitumika ndani ya mataifa tajiri yenyewe kuwatunza wakimbizi waliofika huko. Hata hivyo, tofauti ni kubwa mno, wala haifichiki.

Tena kuna ahadi ya zamani. Oktoba 1970, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali kwamba kila taifa tajiri litoe senti 70 katika kila dola 100 za pato lake kwa ajili ya maendeleo ya wengine. Zaidi ya miaka 50 imepita. Mwaka 2024 wastani wa mataifa ya kamati hiyo ulikuwa senti 33, na mataifa manne tu ndiyo yaliyovuka kipimo: Denmark, Luxembourg, Norwei na Uswidi. Juni 2025, mataifa ya umoja wa kijeshi wa NATO yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2035 yatatumia dola 3 na senti 50 katika kila dola 100 kwa majeshi yenyewe, na dola 1 na senti 50 nyingine kwa mambo ya ulinzi yanayofungamana nayo. Na Julai mosi ya mwaka huohuo, USAID, lile shirika la Marekani la misaada lililofanya kazi tangu 1961, lilikoma kuendesha misaada, na kazi zilizosalia zikapelekwa katika wizara ya mambo ya nje. Kila mtu aweza kuona mizani inaelemea upande gani.

Na je, fedha kidogo zaweza kufanya nini? Tukumbuke ndui. Mwaka 1967, Shirika la Afya Ulimwenguni lilipoanza kampeni yake kubwa, ugonjwa huo ulikuwa ukiua watu wapatao milioni 2 kwa mwaka. Oktoba 1977, huko Merca katika Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin aliugua ndui, akapona. Na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Mei 1980 ulimwengu ulitangaziwa kwamba ndui imekwisha. Kazi yote hiyo iligharimu kama dola milioni 300. Kwa matumizi ya kijeshi ya mwaka 2024, dola milioni 300 ni matumizi ya saa moja. Mtu atasema, na atasema kweli, kwamba dola ya siku zile ilinunua zaidi kuliko dola ya leo. Vema: tuzikuze fedha hizo mara kumi, na bado hazitafikia matumizi ya nusu siku. Ndui iliyoua watu tangu enzi za mafarao iliondolewa kwa gharama isiyotimiza nusu siku ya majeshi!

Naye Maalin, baada ya kupona, baadaye alifanya kazi ya kuwahimiza wenzake wa Somalia wakubali chanjo ya polio, mpaka kufa kwake mwaka 2013.

USALAMA WA NANI?

Sasa tukusanye tuliyoyaona. Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, hufuatia vita vyote vya dunia. Kwa hesabu yake, mwaka 2024 palikuwa na mapigano 61 yaliyohusisha serikali, mengi kuliko mwaka wowote tangu 1946, na watu karibu 160,000 walikufa katika mapigano na mauaji ya namna zote. Idadi hiyo yatisha. Lakini malaria, kwa hesabu ya Shirika la Afya, iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023. Na katika kila 100 kati yao, 95 walikuwa Waafrika, walio wengi wakiwa watoto chini ya miaka mitano. Na mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 walikuwa na njaa, milioni 307 kati yao katika Afrika: mtu mmoja katika kila watano wa bara letu.

Basi tujiulize: nyumba ni salama lini? Je, ni salama mlango ukiwa na komeo la chuma, na huku ndani mtoto anatetemeka kwa homa na kibaba cha unga kimekwisha? Mwaka 1994, ripoti ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa ilileta wazo lililokuwa geni kwa serikali nyingi: kwamba usalama upimwe kwa maisha ya mtu, chakula chake, afya yake, kazi yake na heshima yake, wala si kwa mipaka ya dola peke yake. Na mapema zaidi, Desemba 1964, Papa Paulo VI akiwa Bombay aliyaomba mataifa yatenge sehemu ya fedha za silaha ziwe mfuko wa kuwasaidia maskini wa ulimwengu. Ombi hilo alilirudia katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya watu. Mfuko huo haukupata kufanywa kama alivyouomba.

Hatusemi kwamba askari hana kazi. La hasha! Tumekwisha kuona kwamba vita vikiingia, zahanati hufungwa kwanza. Sudan ilitumbukia vitani Aprili 2023, na kabla ya mwaka 2024 kwisha Wasudani milioni 14.3 walikuwa wamehama makwao. Watu hao hawakukosa ulinzi wa dawa tu, walikosa amani yenyewe. Wala si haki kudai kwamba kila dola itolewayo jeshini itageuka papo hapo kuwa dawa. Twasema hivi: amani na maendeleo ni miguu miwili ya mtu mmoja. Ulimwengu ulionenepesha mguu mmoja na kuunyima mwingine chakula hautatembea. Utachechemea mpaka uanguke.

Wala tusiwanyoshee kidole wengine tu. Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kutenga 15 katika kila 100 za bajeti zao kwa ajili ya afya. Tangu siku ile nchi nyingi, katika miaka mingi, hazikufikia kipimo hicho. Msaada wa jirani ukipungua, kama unavyopungua sasa, ndipo ahadi ya mwenye nyumba inapopimwa. Mgeni akiondoa taa yake, mwenye nyumba hana budi kuwasha ya kwake.

KAZI YA KILA JAMAA

Mtu atauliza: Mimi mkulima, mimi mama wa nyumbani, nitafanya nini na hesabu za mabilioni? Tutajibu mambo matatu.

Kwanza, hakikisha watu wako wamo daftarini. Mtoto azaliwapo, apatiwe cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki itunzwe. Mtu afapo, kifo chake kiandikishwe. Karani wa sensa au mchunguzi wa afya ajapo mlangoni, ajibiwe kwa ukweli. Kijiko cha kuonjea hakitasema kweli ikiwa sisi wenyewe twamficha mpishi chumvi.

Pili, kiongozi atajapo idadi mbele ya mkutano, aulizwe kwa heshima yale maswali matatu. Ndugu, ni kati ya wangapi? Nani amehesabu? Mwaka jana ilikuwa ngapi? Kiongozi mwema atafurahi kuulizwa, na asiye mwema atajiandaa vizuri zaidi mara nyingine.

Tatu, wafundisheni watoto kwamba nyuma ya kila tarakimu yumo mtu. Zile 71 katika 1,000 si alama za wino. Kila moja ni kitanda kimoja, na mama mmoja aliyekesha. Tangu 93 mpaka 37 ni watoto 56 katika kila 1,000 ambao leo wako hai, wanakwenda shule, wanawasumbua mama zao jikoni. Kama hesabu ingekuwa haifai kitu, tusingalijua kwamba wameokoka, wala tusingalijua nini kiliwaokoa, wala tusingalikuwa na neno la kumwambia atakaye kuiacha kazi hiyo katikati.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Gazeti lasema kwamba wilaya moja ina wagonjwa 400 wa malaria na nyingine ina 900. Ni habari gani tunahitaji kabla ya kusema wilaya ipi ina hali mbaya zaidi?

2. Kwa nini mtoto aliyekufa kwa kuhara wakati wa vita aweza kuhesabiwa kuwa ameuawa na vita? Na kwa nini ni vigumu kumhesabu?

3. Katika kijiji chetu, ni vizazi na vifo vingapi vya mwaka jana vilivyoandikishwa? Na ambavyo havikuandikishwa, nani atavikumbuka?